Usaha umeingia mfupa wa taya ya mtoto, jirani ananiuzia unga wa antioksidanti. Nisaidieni kabla ya Jumanne

Baba Salma (Bombo)

Asalaam aleikum wadau, na wengine habari za mchana. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, kwa hiyo mnisamehe nikiruka maneno.

Binti yangu Salma ana miaka 8. Mwaka jana jino lake la nyuma, chini kushoto, lilitoboka. Mama yake akasema tumpeleke, mimi nikasema ni jino la utoto, litang'oka lenyewe, pesa ya nini. Hilo nimelibeba. Mwezi wa nne shavu likavimba. Kliniki moja ya mtaani ikatupa amoksisilini ya siku 5, uvimbe ukashuka. Baada ya wiki tatu ukarudi, tukapewa ileile. Ukarudi tena, tukapewa ileile tena. Jino halikuguswa na mtu. Mara ya nne ngozi chini ya taya ikapasuka, kitundu kidogo kama kilichotobolewa na sindano ya magunia, asubuhi kinatoa usaha wa kijani na foronya inanuka.

Hospitali ya rufaa wamepiga eksirei, wanasema ni ostiomailaitisi, yaani maambukizi yameshaingia mfupani. Jumanne watang'oa jino na kutoa kipande cha mfupa kilichokufa, halafu antibaiotiki kwa wiki kadhaa.

Sasa jana kaja jirani, mama wa watu, hana ubaya. Kaja na kopo. Shilingi 180,000. Anasema kinachokula taya ya mtoto ni msongo wa oksidi, na unga huu ni antioksidanti, yaani kizuizi cha oksidi, nikimpa mwezi mzima kisu hakitahitajika. Kanionyesha na makala kwenye simu kuhusu watoto wenye ugonjwa huuhuu, kuna grafu na kila kitu. Mfukoni nina laki mbili na nusu. Kweli au nimeingizwa mjini?

Dereva wa Malaba

Pole sana Baba Salma. Usitoe hata shilingi kabla Tabibu wa Meno hajapita hapa. Nafuatilia uzi.

Dada Lishe (Ntinda)

Pole ndugu yangu. Mimi nauza bidhaa za lishe, nasema wazi ili nisije nikaambiwa nimejificha. Jirani yako hajakudanganya. Watu wenye maambukizi ya mfupa wakipimwa damu, takataka za oksidi zinaonekana zimepanda, na kinga ya mwili dhidi ya oksidi inaonekana imelemewa. Hiyo ni sayansi. Mwili ukilemewa unausaidia. Sisemi aache hospitali, ila kisu kwa mtoto wa miaka 8 si mchezo, kila mzazi ana haki ya kujaribu njia nyepesi kwanza.

Tabibu wa Meno (Arua)

Baba Salma, jibu kwanza: usiahirishe Jumanne. Kopo mrudishie mwenyewe.

La pili, ili usijipige sana kifua. Jino la nyuma kabisa la mtoto wa miaka 8 si la utoto. Linaota akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, wala halisukumi jino lingine litoke. Hakuna pengo, hakuna jino la kutupa juu ya paa, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua kwamba la ukubwani limeshafika. Wazazi wengi ninaowaona kitini wanasema maneno yako yaleyale.

Sasa Dada Lishe. Ugumu ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Ngoja nieleze nusu iliyobaki.

Usaha wa Salma ni wa kijani. Mara nyingi rangi ile haitoki kwa mdudu, inatoka kwa askari wetu wenyewe. Chembe nyeupe ziitwazo neutrofili zimebeba kimeng'enya cha kijani, mieloperoksidasi. Neutrofili ikishameza bakteria huvuta oksijeni kwa pupa na kuigeuza supaoksaidi. Hiyo inakuwa haidrojeni peroksaidi. Kisha kile kimeng'enya cha kijani kinachukua peroksaidi na kloraidi, ile iliyomo kwenye chumvi ya mwili, kinatengeneza asidi ya haipoklorasi, ndugu wa damu wa Jik mnayofulia mashuka. Bakteria anafia humo.

Kwa hiyo oksidi mnayoambiwa ni adui, kwanza kabisa ni silaha. Kuna watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza, kimeng'enya cha mwanzo kabisa kwenye mnyororo huo kina hitilafu. Mngetegemea wawe na afya kuliko wote, maana moto wa oksidi haupo. Wanaugua majipu, nimonia na maambukizi ya mifupa mfululizo, tena kwa vijidudu ambavyo mtoto mwingine angevimaliza bila hata kulala kitandani.

Dereva wa Malaba

Subiri kwanza. Tuna Jik mwilini?? Sasa mbona hatubabuki?

Tabibu wa Meno (Arua)

Tunababuka, ndugu yangu. Huo ndio msongo wa oksidi wenyewe. Silaha ikimwagika nje ya askari inachoma kilicho jirani. Mafuta ya kwenye kuta za chembe yanachacha, kama yale ya kukaangia kasava yanayorudiwa wiki nzima kando ya barabara mpaka yanakera koo. Ni kemia ileile. Takataka zake mojawapo inaitwa malondaialdehidi, na hiyo ndiyo hupimwa kwenye zile grafu.

Ila mwili haukuwasha moto bila ndoo ya maji. Kuna supaoksaidi dismutasi, inapokea supaoksaidi na kuipunguza makali. Wamarekani wawili, McCord na Fridovich, ndio walioonyesha kazi yake, mwaka 1969. Baada yake kuna katalasi, inavunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Hii umeiona kwa macho: mimina peroksaidi ya duka la dawa kwenye kidonda, povu lile jeupe ni oksijeni inatoka, katalasi iko kazini. Halafu kuna glutathioni, chembe zinaitengeneza zenyewe kutokana na protini tunayokula, na kimeng'enya chake kinahitaji seleniamu kidogo.

Na msidhani bakteria wamekaa tu. Stafilokoko ile ya rangi ya dhahabu, rangi yenyewe ni antioksidanti yake. Amevaa koti la kuzuia Jik yetu. Na katalasi anayo pia.

Fundi Redio (Kisenyi)

Kwa hiyo ukimpa mgonjwa antioksidanti unaweza kuwa unamfulia mdudu koti 😂

Tabibu wa Meno (Arua)

Usiniwekee maneno mdomoni, fundi, bakteria hali unga wa Ntinda. Hata hivyo taya iliyooza kutokana na jino huwa na mchanganyiko wa vijidudu, na wengi wao ni wale wasioipenda oksijeni kabisa. Na hapa ndipo kopo linaposhindwa, naomba msome taratibu.

Taya ya chini ni mfupa mgumu kwa nje, na damu yake si nyingi kama ya taya ya juu. Usaha ukijaa ndani hauna pa kupanukia. Unabana mishipa, damu inakatika, kipande cha mfupa kinakufa na kubaki mle kama mwiba. Askari wakifika pale hawakuti oksijeni, na bila oksijeni Jik haitengenezwi. Antibaiotiki nayo husafiri kwa damu, na damu haipiti. Ndiyo maana Salma alikuwa anapata nafuu kisha uvimbe unarudi. Dawa ilisafisha mtaa, ngome ikabaki.

Pembeni ya ngome, kwenye mfupa ulio hai, moto unawaka usiku na mchana. Huko kweli chembe zetu zinaungua, na oksidi hizohizo zinawaamsha wale wanaokula mfupa, kwa sababu mfupa una chembe za kujenga na chembe za kubomoa. Eksirei huchelewa kuonyesha. Mpaka sehemu kama theluthi moja au nusu ya madini iwe imeondoka, picha bado inaweza kuonekana safi.

Sasa unga huo ukishamezwa utapita njia gani? Ileile ya damu. Hautafika kwenye mwiba. Jino na kipande mfu vikitolewa, damu inarudi, oksijeni inarudi, dawa inafika, na moto unakosa sababu ya kuwaka.

Dada Lishe (Ntinda)

Sawa tabibu, nimekuelewa kuhusu ngome. Lakini umekiri mwenyewe kwamba pembeni kunaungua. Unga ungesaidia huko huku upasuaji ukifanya kazi yake. Na bidhaa yetu ina hiyo dismutasi uliyoitaja, imeandikwa kwenye kopo.

Mwanafunzi wa Wandegeya

Dada yangu, dismutasi ni protini. Ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya sambusa ya nyama, na kinachobaki hakijui kwamba kilikuwa dismutasi.

Na wazo la kuusaidia mwili uliolemewa lina historia, tena historia ya huku kwetu Afrika. Watoto wa kwashiorkor wana glutathioni ya chini, hilo linajulikana, na mwaka 1987 Golden na Ramdath wakatoa hoja kwamba radikali huru, yaani hizihizi oksidi kali, ndizo zinazoleta ugonjwa. Hoja nzuri, inaingia akilini kuliko hata hii ya taya. Ikajaribiwa Malawi: watoto 2,372 wa mwaka 1 hadi 4, wengine wakapewa vitamini E, seleniamu, riboflavini na asetilisisteini, wengine unga wa bure usio na kitu. Matokeo yalitoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2005. Kwashiorkor haikupungua. Kipimo cha damu kikishuka hakimaanishi ukikijaza kwa kijiko ugonjwa utaondoka. Mafuta ya gari yakiisha kwa sababu tangi limetoboka, utajaza mpaka lini?

Dada Lishe (Ntinda)

Hiyo ya Malawi sikuijua. Nitaisoma. Basi vipi dripu ya vitamini C? Hiyo haipiti tumboni, na kliniki nyingi hapa Kampala wanaiweka.

Tabibu wa Meno (Arua)

Hapana, tena hapo ndipo naogopa zaidi. Katika nchi zenye malaria kuna watu wengi, hasa wanaume, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Chembe zao nyekundu hazina akiba ya kutosha ya kurudisha glutathioni. Vitamini C nyingi kwa dripu inageuka kuwa oksidi badala ya kuzuia oksidi, na chembe nyekundu zinapasuka. Mkojo unakuwa kama kokakola. Msimwekee mtoto dripu ya urembo.

Mama Shamsa (Kawempe)

Nimesoma yote nikiwa na hasira zangu, maana taya nimeziona. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi 5, anaharisha, homa, anang'ata ngumi. Jjajja, mzazi wa baba wa mtoto, akasema ni ebiino, yaani meno ya uongo yanayodaiwa kumletea mtoto homa na kuhara. Wakamwita mtu. Kaja na spoku ya baiskeli imenolewa, kaichoma kidogo kwenye moto wa sigiri, kapasua fizi za chini, katoa vitu viwili vyeupe laini, kaviweka kiganjani, anasema mnaona minyoo ilikuwa inamla mtoto. Siku ya nne taya ilikuwa kama ndizi ya gonja. Walilazwa wiki tatu. Leo mtoto ana miaka 9, meno ya chonge chini hayapo, na yanayofuata yameota yamepinda, mengine yana mashimo kama yametafunwa na panya.

Vile vyeupe vilikuwa meno yake, jamani. Meno yake ambayo hayajaiva.

Mwanafunzi wa Wandegeya

Pole mama. Kwetu Tanzania tunaita meno ya nailoni, wengine meno ya plastiki. Pindborg, Mdenishi, aliandika kuhusu jambo hili kwa Waacholi wa hapa Uganda mwaka 1969. Mwaka uleule wa dismutasi ya tabibu, nimeona sasa hivi. Kimoja tunakiuza kwenye makopo, kingine bado tunakipigia ramli.

Mwanzo Mgumu (Busia)

Samahanini, mimi mwanangu alitolewa ebiino na kuhara kukakoma. Msiseme hakuna kitu.

Tabibu wa Meno (Arua)

Nakuheshimu, na sikatai kwamba alipona. Kuhara kwa mtoto mara nyingi kunakoma kwenyewe ndani ya siku chache akinyweshwa maji ya chumvi na sukari, na mtu wa spoku huitwa siku ya tatu. Umri ule fizi huvimba kwa sababu jino liko njiani. Mkigusa mnasikia kigumu, mnasema kimeonekana. Lakini chini ya fizi ya mtoto mchanga hakuna umbali, mfupa uko palepale, mwembamba, na ndani yake vijusi vya meno yote. Spoku inaingiza uchafu moja kwa moja mfupani. Unafungua mlango ambao jino la Salma lilihitaji mwaka mzima kuufungua. Pepopunda pia inapitia hapo.

Mzee wa Jinja

Watoto wangu, nimestaafu maabara miaka mingi, naongeza moja tu. Uganda taya ikivimba, usiamini haraka kwamba ni usaha. Mwaka 1957 pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mwaka uliofuata akaandika, na limfoma ile, aina ya saratani, ikabeba jina lake mpaka leo. Inakua haraka, wiki mbili tatu uso umebadilika, meno yanalegea bila kutoboka. Dawa ya saratani inaiyeyusha ikiwahiwa. Nimewahi kupokea kinyama, yaani kipande cha kupima maabara, cha mtoto aliyekunywa antibaiotiki miezi miwili kwa jina la jipu la jino. Baba Salma, waulize kama watachukua kinyama.

Mama Shamsa (Kawempe)

Shikamoo mzee. Sasa umenitisha.

Mzee wa Jinja

Marahaba mama. Hofu hiyo ni nzuri, huyu wa Bombo ana jino bovu, ana usaha, ana kitundu, kila kitu kinaelekea upande wa maambukizi. Lakini kipande kinachotoka kisitupwe kwenye ndoo. Na wampime sikoseli (selimundu) kama hajapimwa. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulikuta vinasaba vyake kwa karibu watoto 13 kati ya 100 nchini, wengi wabebaji tu. Mwenye ugonjwa wenyewe, mifupa yake inakosa damu kila akibanwa, na maambukizi yanapenda pale.

Baba Salma (Bombo)

Mzee, nimewauliza. Kinyama watachukua, na damu wamechukua jioni hii. Kopo nimerudisha. Jirani alinuna kidogo. Nilimsomea ya Malawi kwenye simu, akasema hao wa Malawi labda walitumia aina nyingine.

Niulize la mwisho. Hawezi kutafuna. Nimpe nini?

Mama Shamsa (Kawempe)

Hapo umenikuta nyumbani. Katogo ya matooke na maharage, uponde yote mpaka iwe laini. Mukene (dagaa) usage, changanya na mchuzi wa karanga, hata hatajua. Mayai. Ovakado. Dodo (mchicha) ichemke kidogo tu usiiue. Papai, na embe likiwepo. Pera zuri sana ila saga utoe mbegu, zitamwingia kwenye kidonda. Na laki na themanini za kopo utakula mwezi.

Mwanafunzi wa Wandegeya

Mama kamaliza. Protini ya maharage, mayai na mukene ndiyo inayotengeneza glutathioni, samaki wana seleniamu, pera lina vitamini C kuliko chungwa. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu pale Mulago wamekuwa wakifundisha akina mama chakula cha namna hii tangu miaka ya 1960, bila kopo.

Dada Lishe (Ntinda)

Sawa, nimeshindwa kwa pera 😅 Mungu amponye mtoto.

Dereva wa Malaba

Taarifa kwa tabibu: nimejikata kidole na spana, nikamimina peroksaidi. Povu limetoka kweli. Turnboy (utingo) wangu anadhani nimerogwa.

Tabibu wa Meno (Arua)

Mara moja inatosha, usiifanye kila siku, povu halichagui chembe ya nani. Na mtoto asisukutue nayo, atameza.

Baba Salma (Bombo)

Wadau, leo siku ya 9 baada ya upasuaji.

Jumanne aliingia saa tatu asubuhi, akatoka saa tano na nusu. Daktari alinionyesha kwenye kichupa: kipande chenyewe ni kama nusu ya karanga, kimekauka, rangi ya chaki, pembeni kimeliwaliwa. Nilitegemea kitu kikubwa. Kitundu cha chini ya taya kilitoa maji siku tatu, sasa kimefunga, kimebaki kovu kama alama ya sindano. Foronya hainuki tena. Antibaiotiki ni kila baada ya saa 8, kwa hiyo saa nane za usiku mimi na kengele ya simu na kijiko, na yeye ananyonya dawa hata macho hajafungua.

Majibu ya kinyama: maambukizi tu, hakuna cha kumtia mzee wetu wa Jinja wasiwasi. Sikoseli: mbebaji. Kwa hiyo mimi na mama yake Jumatatu tunaenda kupimwa, tuna mdogo wake wa miaka 2.

Jirani kaja juzi. Hakuleta kopo, kaleta trei ya mayai.

Salma mwenyewe ana kesi moja. Anataka mfupa wake awaonyeshe wenzake darasani. Nimemwambia ulishapelekwa maabara. Hasemi na mimi tangu asubuhi.